Bastola Tisa kwa Revolva Tisa

Nimekuwa sekretari miaka mingi, na wanaume wenye vyeo nawajua. Hawaogopi kitu kama wanavyoogopa kusema "nilikosea." Afadhali wabadilishe meza, gari, hata silaha za kikosi kizima. Mimi niliwaona wakibadilisha silaha. Niliandika kila neno la kikao chao, na mwishoni nikaweka sahihi yangu chini ya sentensi niliyojua ni ya uongo.

Ilikuwa hapa Bukavu, kabla mji haujapata wakubwa wengine. Kikosi chetu kilikuwa kidogo, cha kulinda majengo na kusindikiza mabwana wa ofisi. Wakubwa tisa walibeba bastola, na waliobaki walikuwa na bunduki za kawaida na viatu vilivyochoka. Bastola zile zilikuwa za shajeri, yaani kile kisanduku chembamba cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini. Kwetu watu wanakiita meno. Ukifika na bastola kwenye nyumba ya kilio au ya harusi, mlangoni unamkuta mtu wa nyumba ameshika kikapu. Unachomoa meno, unayaweka kikapuni, unaingia na chuma kitupu kiunoni, na wakati wa kurudi unapewa meno yako. Hakuna anayekupekua, maana kumpekua mgeni ni kumtukana. Nawe hudanganyi, kwa sababu mwenye nyumba amekuamini mbele za watu.

Wakubwa wetu walikuwa na ujanja wao. Kabla ya kushuka garini walivuta sehemu ya juu ya bastola kwa nguvu, risasi moja ikapanda kutoka kwenye meno na kuingia katika mtutu. Ndipo wakachomoa meno na kuyapeleka kikapuni taratibu, uso umetulia kama wanakwenda kupokea komunyo. Ile risasi moja ilibaki ndani. Waliiita "ya njiani." Waliwaogopa wafiwa, walimwogopa bibi harusi, walimwogopa hata maman anayemenya ndizi uani. Walinzi walikuwa nje wamezunguka ua mzima, na bado bwana mkubwa hakuweza kumeza tonge la bugali bila risasi yake ya njiani.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa komanda mwenyewe. Alikuwa mtu wa marashi mengi na pete nzito, na alipozungumza aliigonga pete ile mezani ili tujue neno lipi ni muhimu. Yote yalikuwa muhimu. Nilimpigia chapa barua zake miaka sita na sikumbuki hata moja iliyokuwa na maana kupita aya ya kwanza.

Siku moja tulikwenda kwenye kilio huko Kasha, nyumbani kwa shangazi wa naibu wake. Nilikaa kiti cha nyuma nimebeba shada la maua ya plastiki, na kwa macho yangu nilimwona akivuta ile sehemu ya juu ya bastola, kisha akachomoa meno. Akashuka, akayaweka kikapuni, akaupokea mkono wa mfiwa kwa mikono miwili. Sebuleni, alipofika soda ya pili, mkwe mmoja akamuuliza bastola hiyo imetengenezwa wapi. Basi, alikuwa amemgusa penyewe. Akaitoa, ile ya njiani ameshaisahau.

"Musiogope, haina meno," akasema. Akaielekeza dirishani na kufyatua, apate kuonyesha ilivyo laini.

Risasi ilipita dirishani, ikatoboa sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa mafigani. Waombolezaji wote tukalala chini pamoja na padri. Komanda alibaki amesimama, anaitazama bastola kama imemtukana. Maman mmoja aliyekuwa ameketi karibu naye hasikii vizuri kwa sikio la kulia hadi leo, na sijasikia kwamba kuna mtu wa kikosi aliyewahi kwenda kumwona.

Kikao kiliitishwa kwa ajili ya bastola.

Nieleze hapa kwa nini kikao hicho kilikuwa na uzito, maana bila kulijua hili utadhani ni wanaume tu waliokuwa wakipoteza wakati. Silaha zetu zilitunzwa na fundi mmoja, muzee wa Nyangezi, mtu mwembamba, mkimya, aliyevaa koti lilelile la buluu lenye harufu ya mafuta ya bunduki. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Kama kikao kingeamua bastola ni nzima zibaki, basi kosa lilikuwa la kidole kilichofyatua. Kama kingeamua bastola ni mbovu zibadilishwe, basi kosa lilikuwa la yule aliyepaswa kuutambua ubovu. Ni hayo mawili tu, na muzee aliyajua kabla yetu sote.

Alikuja mezani kwangu asubuhi ya kikao, kofia mkononi.

"Maman sekretere," aliniambia, "mi siombe kitu ya mingi. Uandike tu kitu yenye ilipita. Nataka nirudi kwetu na jina yangu muzima."

"Nitaandika, papa," nikamjibu. Na nilikuwa nasema kweli, saa ile.

Waliketi tisa, kila mmoja na chupa yake ya maji. Pembeni alikaa mchuuzi wa silaha kutoka mji mkuu, amevaa suti katika joto lile, anatabasamu hata pale ambapo hakuna aliyesema kitu. Pendekezo lake lilikuwa rahisi: wampe bastola tisa za shajeri, awape revolva tisa. Akatoa moja mkobani, akaifungua, akaonyesha gurudumu lenye matundu sita. Akalizungusha ili liimbe.

"Muangalie, bashefu. Unafungua, unaona zote sita. Unatoa sita, imeisha. Hakuna risasi ya kujificha."

Wakavutiwa, wakaipitisha mkono kwa mkono. Naibu, ambaye shangazi yake ndiye aliyekuwa kaburini, aliilenga saa ya ukutani akafumba jicho moja. Mwingine akauliza kama wanaume wa filamu wanatumia hii. Mchuuzi akamhakikishia kwamba ndiyo hii hasa. Nilimwona mzee mzima wa miaka hamsini na kitu akikaa wima kwa jibu hilo. Nilitaka kucheka, nikaandika: "Wajumbe waliuliza maswali ya kiufundi."

Siku ya kwanza walijadili uzito. Siku ya pili walijadili kama revolva itaonekana vizuri chini ya koti. Mmoja alisema bastola za shajeri zinakwama kwa udongo wa msimu wa mvua, na wote wakatikisa kichwa kwa huzuni, wao ambao hawakuwahi kushuka garini penye matope. Katika siku hizo mbili hakuna aliyetaja Kasha. Walisema "lile jambo." Walisema "hali iliyojitokeza." Kila waliposema hivyo komanda aligonga pete, nami nikaandika hali iliyojitokeza.

Siku ya tatu wakamwita muzee. Hawakumpa kiti. Aliweka mezani ile bastola ya Kasha, ameifungua vipande vipande juu ya kitambaa, kila kipande kinang'aa.

"Iko muzima," akasema. "Nilijaribu hii bastola mara makumi. Haiwezi piga peke yake. Inapiga kama risasi iko ndani na mutu anafyatua."

"Kwa hiyo unasema mimi niko mwongo?" komanda akauliza.

"Hapana, komanda. Nasema chuma haina makosa. Mutu mwenye anapenda kuficha risasi moja, ata mukimupa kijiko, ataificha mu kijiko."

Mchuuzi aliendelea kutabasamu, hakuelewa. Wale wanane walitazama chupa zao za maji, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ya njiani yake, na kila mmoja alijua kwamba jirani yake anajua. Hapo alihitajika mtu mmoja tu wa kusema, "Muzee anasema kweli, nasi sote tunafanya hivyo." Mmoja tu. Watu wanaobeba silaha mchana kutwa katikati ya mji, na hawakuwa na ujasiri wa sentensi moja. Niliwadharau siku ile na bado nawadharau, simfichi mtu.

Wakapiga kura kwa mikono. Tisa kwa tisa, revolva.

Kisha komanda akaniita ofisini kwake, akafunga mlango. Akanisomea polepole sentensi ya kuweka mwisho wa PV, yaani kumbukumbu za kikao: kwamba bastola ilifyatuka yenyewe kutokana na matunzo duni, na kwamba fundi anaondolewa kazini bila cheti cha utumishi mwema.

"Wewe ulikuwa kule Kasha," akasema. "Sahihi yako kama shahidi itasaidia." Akagonga pete. "Na ile nafasi ya sekretari mkuu, nimekufikiria."

Nimejitafutia sababu nyingi tangu siku ile. Watoto, shule, nyumba ya kupanga kule Kadutu ambayo paa lake linavuja. Zote ni za kweli na hakuna hata moja inayotosha. Niliweka sahihi. Niliiandika vizuri, na mkia wake, kama ninavyoiandika siku zote. Muzee alipita mbele ya mlango wangu jioni ile na mfuko wake wa plastiki, ndani yake koti la buluu. Alisema "bakia muzuri, maman," na mimi nikajifanya natafuta karatasi chini ya meza.

Mchuuzi aliondoka na bastola tisa nzima, zilizotunzwa na mtu aliyeitwa mzembe. Revolva mbili kati ya tisa alizotuachia zilikuwa na gurudumu lisilotaka kuzunguka. Kikao kingine hakikuitishwa.

Miezi minane baadaye muzee aliozesha binti yake huko Nyangezi. Familia ya bwana harusi ilikuwa ya watu wa ofisi, na bila kujua habari za nyuma wakamwalika komanda awe mgeni wao wa heshima. Alikubali, maana alikuwa hajui kukataa kiti cha mbele. Nikapanda naye, kiti cha nyuma kama kawaida, nimebeba vitenge vya zawadi. Nilikuwa sekretari mkuu sasa. Tulipokaribia, akafungua revolva yake, akachezacheza na gurudumu, akalifunga. Mimi niliangalia dirishani, migomba ya watu. Nilikuwa nimeshajifunza kuangalia dirishani.

Mlangoni alisimama muzee mwenyewe, ameshika kikapu. Suti ilikuwa ya kuazima, mikono yake imeipita mbali ile ya koti. Nyuma yetu walisimama wakwe, kwaya ya parokia, maman za kijiji na masahani yao vichwani. Komanda akatabasamu kama watu wasiokumbuka wanavyotabasamu, akafungua revolva, akaanza kudondosha risasi kikapuni moja moja, kwa madaha. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Akalifunga gurudumu, akainua mguu apite.

Kikapu hakikuondoka mbele yake.

"Komanda," muzee akasema kwa sauti ileile ya siku ya tatu, "na ingine."

"Ingine gani, papa?"

"Ile ya njiani."

Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo, ikanyamaza sauti moja baada ya nyingine. Bwana harusi alitazama viatu vyake. Komanda aligeuka huku na huku atafute kitu cha kugonga pete yake, hakukuwa na meza. Jasho lilimtoka, marashi yote yakawa bure. Kisha akafungua tena lile gurudumu ambalo halina siri, na ya sita ikaanguka juu ya zile tano, mbele ya watu wote.

"Asanti, komanda. Karibu mu nyumba, mukule," muzee akasema, na akamaanisha.

Komanda akaingia. Nikafuata na vitenge vyangu, na kwa muda mfupi, niseme ukweli, nilifurahi sana, kama vile ushindi ule ulikuwa wangu pia. Ndipo kikapu kikaja mbele yangu mimi, ambaye sikuwahi kubeba silaha maishani mwangu. Muzee alikiinamisha kidogo ili nione vizuri.

"Maman sekretere," akaniambia taratibu, bila hasira, "uhesabu muzuri. Kisha leo uandike kitu yenye ilipita."

Mkobani nilikuwa na kalamu tatu.