Kablu wa Mbotela

Jumamosi iliyopita nilienda mtaa wa Mbotela, Nairobi, kumwangalia shangazi yangu anayeumwa miguu. Sikupitia mbele. Nilizunguka nyuma ya nyumba, upande wa mtaro, kama tulivyozoea tukitoka shule. Palipokuwa na shamba la marehemu nyanya yangu sasa kuna vibanda vya mabati, cha kinyozi na cha muuza maji. Nilikuwa nimembebea shangazi mbaazi mbichi, bado ziko kwenye maganda, na ganda moja lilikuwa na tundu dogo la duara, safi kama limetobolewa na sindano. Nilicheka peke yangu. Nilijua ni nani aliyepita hapo.

Alikuwa Kablu. Sisi watoto wa pale ndio tuliompa jina hilo, kwa Sheng yetu ya wakati ule: ka-blu, kadogo ka buluu. Ni kipepeo mdogo wa samawati. Akifunga mabawa hazidi ukucha wa kidole gumba. Akiruka anang'aa, akitua anageuka rangi ya majivu ukampoteza huku unamtazama. Nyuma ya mabawa ana vimkia viwili vyembamba kama uzi, na kando ya vimkia vidoa vyeusi. Akitulia husugua mabawa, vimkia vikachezacheza, na ndege hudhani kichwa kiko huko. Wengi tuliowashika walikuwa wamemegwa nyuma na bado walikuwa wanaruka.

Nyanya alikuja Nairobi na babu, aliyekuwa akifanya kazi reli, na kutoka magharibi alikuja na kunde zake. Alizipanda kwenye kile kipande kati ya ukuta na mtaro. Jioni alipika majani yake kwa maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, harufu ikajaa hadi kwenye nguo zetu za shule. Mstari mmoja hakuuchuma majani kamwe. Huo ulikuwa wa mbegu, ampelekee dada yake nyumbani Desemba.

Upande wa pili wa mtaro alikaa mama jirani, mtu wa Ukambani, ambaye mume wake alichonga vinyago Majengo. Yeye alikuwa na mbaazi, vichaka virefu kunishinda, na maua ya manjano. Akipika muthokoi, yale mahindi yao yaliyokobolewa na kuchemshwa na mbaazi, alinikabidhi bakuli juu ya mtaro nimpelekee nyanya, na nyanya hakurudisha bakuli tupu hata siku moja.

Kablu walikuwa kwake, si kwetu. Nilikuwa na miaka tisa na jambo hilo liliniuma. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametueleza kwamba huyu kipepeo hutaga yai moja moja kwenye matumba ya maua ya jamii ya kunde na mbaazi, kisha kiwavi hutoboa ganda na kuishi ndani akila mbegu. Alitueleza pia kwamba kiwavi hutoa maji matamu mgongoni, na sisimizi huja kuyanywa, nao humlinda kama wachungaji. Sikuamini mpaka nilipoenda kuinama chini ya mbaazi za jirani nikawaona sisimizi wakimpapasa kiwavi wa kijani, taratibu, naye ametulia tu.

Basi alasiri moja, mama jirani akiwa sokoni, nilivuka mtaro. Nilivunja vitawi vyenye maua na viwavi, nikavipachika katikati ya ule mstari wa mbegu. Nilitaka Kablu waruke mlangoni kwetu.

Wiki chache baadaye nyanya alipasua ganda la kunde akakuta unga mweusi na mbegu zilizoliwa nusu. Akapasua lingine, na lingine. Alisimama kando ya mtaro akaita.

"Mama, wadudu wako wamevuka. Nilikuambia hizo mbaazi zinyunyizwe dawa."

Mama jirani aliifuta mikono yake kwa leso. "Wamekaa kwangu miaka yote, mama. Hawajawahi kuvuka."

"Sasa wamevuka."

Mama jirani akarudi ndani. Asubuhi yake tuliamka tukasikia panga. Alikuwa anazikata mbaazi zote, zikiwa na maganda mabichi, na mume wake amesimama mlangoni.

Baada ya hapo hapakuwa na bakuli. Wanawake wale wawili walianika nguo hatua kumi tu kati yao na hawakusalimiana. Nilishindwa kula. Nyanya alidhani ni minyoo, akanipa dawa chungu, nami nikainywa bila kulia kwa sababu niliona ninastahili.

Mwishowe nilimwambia mwalimu, maana yeye hakuwa mtu wa nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta vumbi la chaki.

"Mimi hujanikosea," alisema. "Rudi nyumbani useme kabla hujavua viatu."

Nilisema nikiwa mlangoni, viatu mguuni. Nyanya alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuuchambua kwa muda, nikaona vidole vyake vimepunguza kasi. Nilingoja kofi. Badala yake alivaa kitambaa chake cha kanisani, akanishika mkono, tukavuka mtaro.

"Mama," alimwambia jirani, "nimekukosea. Ni huyu wangu aliyewaleta hao wadudu, na mimi sikuuliza mtu."

Mama jirani aliinama kunitazama. "Uliwataka wa nini, mtoto wangu?"

"Ni warembo," nikasema.

Aligeuka akamwambia nyanya, "Mbaazi nitapanda zingine. Lakini hizi wiki tatu za kutosalimiana, tutazipanda wapi?"

Nyanya alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Mama jirani akaenda kuweka chai jikoni, nami nikatumwa sukari.

Desemba hiyo dada yake nyanya hakupata mbegu. Alipata kinyago cha twiga, alichochonga mume wa jirani, na nasikia alikishangaa sana, kwani hakuwahi kumwona twiga.

Baadaye mchongaji alizeeka, wakarudi kwao. Nyanya alienda kupumzika. Kila aliyehamia alisogeza ukuta wake mbele kidogo, mpaka shamba likaisha bila mtu kusema limechukuliwa. Kablu hawajaisha; nenda popote penye maua ya mbaazi utawakuta. Lakini shangazi amepakana na mtu wa mlango wa pili mwaka wa nne sasa, na nilipomuuliza jina la mtu huyo alisema hajui. Nilipotoka nilibisha mlango huo. Alifungua msichana mwenye mtoto mgongoni, akaniangalia kwa wasiwasi, nami nikamwambia kwamba hapo kando kuna mama anayeumwa miguu, na kwamba anapenda kusalimiwa.