Papa Ndagano wa Lubarika na salamu zake kwenye fonii

Wakuu, amani kwenu, mlio macho na mnaosinzia kazini.

Juzi humu jamaa alileta uzi wa vifaa vinavyofungwa shambani, vinatuma data bila waya hadi ofisini, bosi anajua kila kitu akiwa kwenye kiti chake. Wengi mlishangaa. Mimi nilicheka, halafu moyo ukarudi Uvira, kwetu Kongo.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Sitatia chumvi, na miaka ile ya vita chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta.

Nilikuwa kijana, kazi yangu kukaa kwenye fonii. Kwa wasioijua, ni redio ya mawasiliano: waya mrefu juu ya miti, sola kwenye bati, betri ya gari chini ya meza. Simu hazikuwepo.

Tajiri wetu, Mama Riziki, alinunua mchele na mihogo bonde la Ruzizi, na maharage kule juu Bijombo. Kila kituo kilikuwa na fonii na mtu wake.

Asubuhi naita kimoja kimoja. Bijombo, mmepata nini? Kiringye, barabara ikoje? Magunia, mvua, bei, daraja. Naandika ubaoni kwa chaki, Mama Riziki anakunywa chai akisoma, kisha anaamua lori liende wapi.

Hiyo ndiyo ilikuwa real time yetu. Sheria yake ilikuwa moja tu: kituo kisipotoa hesabu, lori halitoki.

Ila hewa ilikuwa ya wote. Wenye bunduki nao walikuwa na redio na walisikiliza, kwa hiyo habari za vita hatukuzitaja.

Raha ya fonii ilikuwa salamu. Kwetu humkatizi mtu mzima akisalimia, hata ukiwa na haraka gani. Yule wa Bijombo aliuliza nyumba, ng'ombe, mpaka ndama. Zile sauti zikija na kupotea kwenye mikwaruzo, jamani, nazikumbuka mpaka leo.

Mmoja tu hakuwa hivyo. Papa Ndagano wa Lubarika.

"Lubarika. Muchele iko. Njia iko muzuri. Nimemaliza."

Anazima. Alikuwa anabania betri, maana inaliwa sana pale unapobonyeza kitufe ili useme. Tulimtania kwamba hata mke alimposa kwa kukohoa.

Asubuhi moja lori linanguruma uani, dereva ni kaka yangu Safari, tunangoja hesabu ya Lubarika tu. Nikaita.

"Mwana wangu, jambo. Umelamuka muzuri? Mama iko? Baba iko? Batoto ya dada yako beko muzuri?"

Nikaitazama redio kama vile imebadilishwa.

Akaendelea. Kidole hakitoki kwenye kitufe, na yeye akiwa anasema sisi hatuwezi kuingia. Majirani, mbuzi, shemeji. Kisha:

"Na koko yako, iko na nguvu? Umwambie Ndagano anamusalimia sana."

Wakuu, bibi yangu alikuwa ameshafariki. Papa Ndagano mwenyewe alikaa nasi matangani.

Mama Riziki akaweka kikombe chini. "Huyu muzee haiko peke yake."

Sauti ikaanza kufifia, betri inakufa, naye bado anasalimia. Ikakatika. Hesabu hakutoa.

"Safari, zima moteri," Mama Riziki akasema. Kaka alinung'unika, lakini akazima.

Baadaye tulijua. Wenye silaha walimvamia alfajiri, wakasimama nyuma yake, wakamwambia aite lori lije. Madereva walioingia mitego ya namna hiyo wengi hawakurudi. Mzee akakubali, ila akaomba kwanza asalimie, ni adabu. Nao walikuwa watoto wa hukohuko, wamelelewa vilevile. Wakangoja mpaka betri ikaisha.

Walimpiga vibaya. Namshukuru Mungu walimwacha hai.

Hali ilipotulia alishuka Uvira, anachechemea. Kaka akamkimbilia, akamshika mikono yote miwili, akaanza: mama iko, batoto beko...

Mzee akamkatiza. "Weye, salamu yako yote nilishatoa siku ile. Lete chai."

Tulicheka. Mimi nililia pia, siwafichi.

Sasa mzee ametangulia, na kaka Safari ana wajukuu. Fonii ile sijui iko wapi.

Vifaa vyenu sivipingi, vingetusaidia sana. Somo langu ni hili: mchele wa Lubarika asubuhi ile ulikuwepo kweli. Kifaa kingetuma hesabu sahihi kabisa, na kaka yangu angeondoka.

Waliowahi kukaa kwenye fonii, popote pale, karibuni mchangie. Lakini kwanza tusalimiane. Nyumbani wote wazima?