Kiganja kwenye Ukuta wa Makumbusho

Hapana, sikwenda pale kumtukana mtu. Nilikwenda kumwona mume wangu. Alikuwa fundi chokaa, na lile jengo la makumbusho mjini, la mawe, walilojenga Wajerumani kwa migongo ya babu zetu, yeye ndiye aliyelipiga lipu upya nikiwa bado binti. Nyuma, kando ya mlango, akabandika kiganja chake kwenye chokaa mbichi. Alikufa bila kuniachia picha. Kila mwaka natoka kwetu Ngaramtoni na maziwa kwenye kibuyu, napiga funda, nayatemea kidogo kwenye kile kiganja, kama wazee wa kwetu tunavyobariki.

Safari hii nikakuta mafundi. Macho yangu yana ukungu, nikatema palepale ninapopajua. Injinia wao, kijana wa kitambi, akaja anaongea kwa pua: “Shikamoo bibi, lakini mbona unatemea mali ya umma?”

Na mimi kwa pua hiyohiyo: “Marahaba, mwanangu, naibariki.”

Mafundi wakacheka mpaka ngazi ikatikisika. Nikapapasa ukuta, nikagusa saruji mbichi. Nikawaambia, nikiiga sauti ya mume wangu ya kukwaruza: “Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiupaka saruji utatoka jasho, utabomoka.” Hapo hakucheka mtu. Nikauliza kiganja kiko wapi.

 Fundi mmoja akafuta mikono kwenye suruali, akasema, “Lipu ya zamani tuliibandua yote jana, bibi. Imeshamwagwa huko Terrat, kwenye mashimo ya barabara.”