Jiwe la Bugeshi kwenye meza ya ardhi

Wiki iliyopita nilipanga foleni kwenye ofisi ya ardhi hapa Gisenyi. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Bugeshi, aliyetaka kukodisha shamba lake kwa watu wa umeme wa jua. Afisa akamgeuzia kompyuta aione ramani.

"Mama, shamba lako limepakwa kijani. Kijani ni kilimo. Mitambo mikubwa ya jua hairuhusiwi hapo."

"Kijani?" Mama akasogeza uso karibu na kioo. "Nani aliiona kijani?"

Akafungua fundo la kitenge, akatoa jiwe jeusi la volkano, akaliweka mezani taratibu kama anayeweka yai.

"Shamba yote iko hivi. Tangu niolewe pale, hata kirayi moja, hata kiazi kimoja, haijaota."

Afisa akalipima jiwe mkononi, akaligeuzageuza.

"Unaweza kuomba shamba libadilishiwe matumizi," akasema. "Ila lazima kwanza tuje tulikague."

"Bon, mukuje. Hii nawaachia, mutalinganisha."

Nimebaki najiuliza aliyepaka ile ramani alisimama wapi. Labda alitazama kutoka juu, baada ya mvua, maana huko Bugeshi hata mawe huota ukoga wa kijani.

Jana nilirudi. Jiwe liko palepale, limekandamiza karatasi za maombi zisipeperushwe na upepo wa ziwani. Nikamwuliza afisa kama wameshafika Bugeshi.

"Bado."

Basi shamba limekuja ofisini. Ofisi ndiyo haijaenda shambani.