Vidole Vitatu vya Mwalimu Lemayan

Kosa ni langu. Msinitafutie kisingizio, maana mwenyewe nimevitafuta vyote na hakuna hata kimoja kilichonipa usingizi.

Nilikuwa mkufunzi wa walimu wa UPE, wale waliojifunza ualimu huku tayari wanafundisha. Wakati wa likizo tulikutana Karatu, kwenye darasa la kuazima, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Somo langu lilikuwa hisabati ya kisasa, na ndani yake mlikuwa na balaa moja liitwalo kizio cha pili: unahesabu kwa sifuri na moja tu. Semina niliyotumwa walisema kompyuta zinahesabu hivyo. Mimi kompyuta sikuwahi kuiona hata kwa picha! Nilikariri daftari, nikarudi najiona mtaalamu.

Mwalimu Lemayan alitoka upande wa Loliondo. Shuleni kwake mwalimu alikuwa yeye peke yake. Akifaulu, anathibitishwa kazini na watoto wanabaki na mwalimu. Akifeli, basi tena.

Siku hiyo niliuliza kumi na tisa inaandikwaje kwa kizio cha pili. Wenzake wakainamia karatasi. Yeye akainua mkono: kidole gumba juu, cha shahada juu, cha mwisho juu, viwili vya kati vimelala. Akatulia hivyo hivyo, anatabasamu.

"Jibu liko wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hii, Ndugu Mkufunzi. Kidole ikisimama ni moja, ikilala ni sifuri. Watoto yangu wameshika hii siku moja tu!"

Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, idadi huonyeshwa kwa vidole. Alikuwa amechukua jambo la nyumbani akalitia kwenye somo langu. Mimi sikuelewa. Na kwa kuwa sikuelewa, nikaona bora nimfanye kichekesho.

"Hapa si mnadani, Lemayan. Unauza ndama?"

Lo, walivyocheka! Akakunja vidole taratibu, akaficha mkono chini ya dawati. Kwenye ripoti yake niliandika: hajaelewa somo, hafai. Maneno matatu tu, na kazi yake ikaisha.

Baadaye aliniandikia barua. "Naomba unionyeshe nilipokosea, nijirekebishe." Sikujibu. Ningejibu nini, jamani?

Miaka ikapita. Kwenye semina nyingine, Arusha, mwezeshaji akifundisha kizio cha pili akatuinulia mkono wake. Gumba ni moja, cha shahada ni mbili, cha kati nne, kinachofuata nane, cha mwisho kumi na sita. Nikajumlisha vidole vya Lemayan kichwani. Moja, mbili, kumi na sita. Kumi na tisa!

Nikapanda basi mpaka Wasso, huko Loliondo, nikamalizia kwa miguu kwenda kumwomba radhi. Shule niliikuta haina mlango, mbuzi wamelala pale watoto walipokaa. Lemayan alikuwa amefariki kwa homa mvua zilizopita.

Nilipojitaja, mkewe alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akanipa maziwa. Kisha akaleta daftari. Kila ukurasa, mikono imechorwa kwa penseli, vidole vimesimama, vidole vimelala. Kumi na tisa, kumi na tisa, kumi na tisa.

"Mama mwalimu," akaniambia, "yeye alitafuta hiyo kosa mpaka amekufa. Alisema wewe uliiona. Ilikuwa wapi?"

Nikamwambia nimesahau.

Ndiyo, nilisema hivyo! Nilisafiri njia yote ile kwenda kusema ukweli, nikaishia kunywa maziwa ya mjane na kumdanganya.

Nyinyi mnaofundisha walimu, nawasihi: usipoelewa jibu la mtu, sema hujaelewa. Aibu yake ni ya siku moja. Mimi sikusema darasani, sikusema kwa barua, sikusema mbele ya yule mama. Nimekuja kusema leo, gazetini, na yule mama hajui kusoma.