Bandari ya Limbert Ticona

Limbert Ticona wa Oruro, Bolivia, alikuwa fundi wa ramani, ila si hizo za kupimia viwanja. Ramani ya dunia ya mchezo wa vita wa mtandaoni ndiyo iliyomla miaka mitatu: wachezaji kumi, kila mmoja na nchi yake, naye akihangaika kuvuta mpaka hapa, kupunguza vikosi kule, asiwepo aliyezaliwa mshindi. Bila ujira, jamani! Alitaka kitu kimoja tu, ramani yake ikubaliwe iwe rasmi na jina lake likae pembeni.

Sasa mpe Mbolivia kalamu na ramani uone. Hata mtoto wa chekechea ataichorea nchi yake pwani, maana pwani yetu tulinyang'anywa na jirani vitani kabla babu zetu hawajazaliwa, tukabaki bila bahari, na donda bado bichi. Limbert naye akatia bandari moja magharibi, kidoa cha buluu. Baba yake, Mzee Froilán, alipoiona alilia. Mzee alikuwa mwanamaji miaka ishirini, ziwani. Maji ya kifuu, bahari ya chungu! Bahari yenyewe hakuwahi kuitia machoni. Kila asubuhi akinywa api, uji wake wa mahindi ya zambarau, alimwambia mwanawe, "Fungua kompyuta kwanza, tuone kama bandari yetu ipo."

Tarehe ishirini na tatu Machi, Siku ya Bahari, siku ya kuikumbuka pwani ile, mzee alivaa sare yake nyeupe akaenda kwenye gwaride. Hapo ndipo Nivia, mkuu wa wajaribu ramani, alipopiga simu kutoka Guayaquil.

"Kaka, Bolivia yako inashinda michezo thelathini na moja katika mia. Kikomo kumi na tano."

"Nitapunguza vikosi, dada."

"Umeshapunguza mara nne! Hebu sema kweli, hiyo bandari ni ya mchezo au ya moyo?"

"Ya mchezo."

"Wee! Utanidanganya mimi, hesabu huidanganyi. Tunafunga kupokea ramani saa kumi."

Akajaribu tena. Akaongeza jangwa, akapandisha bei ya meli. Wapi! Mwenye milima mgongoni na bahari mbele hashikiki. Akaifuta bandari, kwa kujaribu tu, akauendesha mchezo mara mia. Bolivia ikashinda mara kumi na moja. Sawa kabisa, sawa ya kuchukiza. Nje watoto wa shule walipita na ngoma, wakiidai bahari kwa sauti. Limbert akaituma ramani hivyo hivyo, huku anajichukia.

Mzee akarudi, kofia kwapani, amechangamka. "Haya, nahodha, nioneshe bandari yetu."

"Nimeitoa, baba. Ramani haikuwa sawa. Bolivia ilikuwa inawaonea wengine."

"Sisi?" Mzee akacheka kicheko kikavu. "Sisi ndio tunaonea watu?"

Akainama mbele ya kompyuta, akaitafuta bandari magharibi yote kwa kidole, taratibu, mpaka akachoka.

"Wale walikuja na bunduki, mwanangu," akasema. "Wewe umebonyeza tu."

Simu ya Limbert ikalia: ramani imekubaliwa, hongera. Mzee alikuwa anafungua vifungo vya sare, kimoja kimoja, hakuuliza ni nani.

Asubuhi yake alikunywa api akiutazama ukuta. Limbert alikaa na kompyuta magotini, akingoja aambiwe afungue. Hakuambiwa.