Kiti cha Nne

Kaka yangu Kheng Siang ni fundi wa lifti, hupanda ghorofa arobaini bila kutetemeka. Kilichomshinda ni kasino. Ilipomeza karo ya chuo ya bintiye, alijaza mwenyewe fomu ya kujizuia, ili akifika mlangoni kitambulisho chake kikataliwe. Siku moja alikwenda kujaribu kama kweli watamzuia. Mlinzi akamrudishia kadi kwa adabu, naye akaja kwa mama, mtaani Toa Payoh, akicheka kwa raha. Miaka mitatu alitulia.

Aliyemharibu ni mimi, wala sitafuti pa kujificha.

Siku ya pili ya Mwaka Mpya wetu wa Kichina, wifi yangu Mui Choo, mke wa kaka, alikuwa kwao, kama ilivyo desturi ya binti yeyote aliyeolewa siku hiyo. Nami nilikuwa kwetu na mume wangu. Mama alishapanga vigae vya mahjong, mchezo wetu wa kamari wa watu wanne, mezani, mara shangazi, mchezaji wetu wa nne, akapiga simu kwamba ana homa. Mahjong ya watatu mama hataki hata kuisikia.

Kheng Siang alikuwa jikoni akimenya machungwa.

“Kaka, njoo ukae.”

“Niache, Poh Lian. Hali yangu unaijua.”

“Hapa ni kasino? Tunachezea sarafu za kununulia peremende tu. Au unamwogopa mkeo hata akiwa kwao?”

“Mwache,” mama akasema. “Huyo anajua nyaya za lifti, vigae atavijulia wapi?”

Alicheka, akafuta mikono. Kiti nilimvutia mimi.

Alishinda duru nne mfululizo. Akaacha kula. Ukimwuliza kitu, yeye anahesabu vigae. Niliyaona macho yake yalivyobadilika, tena niliyajua, lakini mama alikuwa na furaha na mimi nikachanganya vigae upya.

Jumamosi iliyofuata alipanda basi kwenda nchi jirani ya Malaysia, kwenye kasino ya mlimani ambako fomu ya huku kwetu haitumiki. Alirudi Jumatatu bila pete ya ndoa.

Jioni wifi alituita mezani.

“Nani kakurudisha huko?” akamwuliza mumewe.

Kaka alinitazama mara moja tu. “Hakuna mtu. Nilitamani mwenyewe.”

“Poh Lian, na wewe hukuona dalili yoyote?”

Nilikuwa na nafasi ya kusema.

“Sikuona, wifi.”

Akanipakulia supu, mimi kabla ya wote, akanishukuru kwa kumlinda kaka yangu miaka yote hii.